Tumbili Aliyenifumua Nywele

Kwetu Kilimanjaro tumbili ni mwizi, basi. Nimekua nikiwatupia mawe kwenye mahindi ya mama yangu, na huruma sikuwahi kuwa nayo. Kwa hiyo mama mwenye nyumba wangu alipoleta watatu uani, nusura nihame.

"Mama, hawa wataniingilia chumbani!" nilimwambia. "Ndizi zangu za sokoni nitaziweka wapi?"

"Utafunga mlango, mwanangu," akajibu kwa upole, na upole huo ndio ulionizidishia hasira.

Alikuwa mjane wa Kihindu, mtu mzima, pale Upanga. Mimi nilipanga chumba cha uani. Alfajiri Kariakoo kuuza ndizi, jioni narudi. Tumbili wale walitoka maabara, walikojaribiwa dawa miaka mingi. Kazi ilipokwisha wakawa wazee wasio na kwao. Marehemu mumewe aliwahi kuufunika ua wote kwa wavu kwa ajili ya ndege wake. Ndege walikwisha, wavu ulikuwepo, na katika dini ya mama tumbili ni wa kuheshimiwa. Kila Jumanne, siku yao tukufu, hakutia kitu mdomoni mpaka wao wameshakula.

Madume wawili hawakuchelewa kuzoea. Wakaparamia mti wa mkungu pale uani, wakazivuta kanga zangu kwenye kamba. Na sukari, ile sukari tuliyoipangia foleni duka la ushirika mpaka miguu ikawaka moto, mama akawatilia kwenye uji. Jamani! Nilipiga kelele mpaka majirani wakachungulia.

Jike, mzee kuliko wenzake, alikataa kutoka kwenye kizimba alicholetwa nacho. Mlango tuliuacha wazi, yeye akajibanza nyuma kabisa. Na mtu yeyote akimkaribia, alipenyeza mkono kwenye nondo, kiganja juu, akageuza uso pembeni. Nikadhani anaomba chakula. Nikamwekea ndizi kiganjani. Ikaanguka, na mkono ukabaki pale pale.

"Anangoja sindano," mama akaniambia. "Huko walimfundisha hivyo, ili asishikwe kwa nguvu."

Niliingia chumbani nikakaa kitandani. Haki ya Mungu, hasira zote ziliniisha, nikabaki na uchungu tu.

Tangu hapo nikawa mimi ndiye wa kubembeleza. Mapapai, mchicha, karanga, kila kitu nilimpelekea. Wateja wangu walikula ndizi za pili. Za kwanza zilikuwa zake. Hakugusa. Mwanzoni alilamba uji kidogo, halafu na uji akauacha. Daktari wa mifugo aliyekuwa akija kuwaangalia, kijana mpole, akasema tusimtese. Kama hali na hatoki, Jumatano jioni atakuja kumlaza kwa sindano ya mwisho.

Jumanne bibi yule wa kizimbani hakula, basi na mama hakula. Jumatano asubuhi bado.

"Mama, kunywa japo chai."

"Mmoja hajala."

"Utakufa wewe kabla yake!"

"Basi tutaongozana."

Nikaifunika chai yake kwa kisahani.

Sokoni sikwenda. Kichwa changu kilikuwa kimechakaa, mistari ya twende kilioni imeshaota vinyweleo, nikatandika mkeka kando ya kizimba nianze kufumua. Nilimpa mgongo makusudi, maana kumtazama sikuweza. Nikawa nafumua huku nalia, namsema: we bibi mkaidi, we bibi huna shukrani, ndizi zote zile! Mistari ya kisogoni inasumbua ukiwa peke yako. Mara nikahisi vidole vinanisaidia, vidogo, vikavu.

"Ahsante, mama," nikasema.

"Unasemaje?" mama akaniuliza. Alikuwa jikoni.

Nikaganda. Kumbe bibi ametoka kizimbani! Sisi sote tulikuwa tukimwendea kwa mbele, mikono tumeinyoosha, kama walivyomwendea wale wa sindano. Mgongo hakuna aliyewahi kumpa. Akachambua nywele taratibu, akaokota kitu kichwani, akatia mdomoni. Ni mba. Chawa mimi sina, mtu asinisingizie.

"Amekula!" mama akapiga ukelele mlangoni, machozi yanamtoka.

"Amekula mba, mama."

"Amekula!"

Akaja na ndizi mbili. Moja akaiweka mkekani karibu na bibi, nyingine akaimenya mwenyewe pale pale, akaila amesimama. Bibi naye, baada ya muda, akaichukua yake.

Daktari alipofika jioni, mkoba mkononi, alinikuta palepale mkekani. Upande mmoja wa kichwa bado umesukwa, mwingine umesimama wima, sithubutu kuinuka, na bibi yuko begani kwangu anaendelea na kazi. Alipomwona yule kijana, vidole vikasimama. Nikausikia mwili wake ukikaza. Kisha akautoa mkono, kiganja juu, akageuza uso pembeni.

Moyo ulinipasuka. Nilitaka kumfukuza yule daktari, wallahi.

Lakini yeye aliuweka mkoba chini. Akaupokea ule mkono kwa mikono yake miwili, akainama.

"Shikamoo, bibi," akasema.

Hakuna aliyecheka. Alipouachia, bibi aliutazama mkono wake, akaugeuza, akautazama tena. Halafu akaurudisha kichwani mwangu, akaendelea kufumua.