Umekwama Wapi? Miaka Yangu na Watafuta Kazi wa Sumbawanga

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa viatu vipya, vikanibana, nikachelewa. Ofisi ya kazi ya Sumbawanga wakati huo ilikuwa vyumba viwili na baraza, na baraza lote lilijaa vijana waliojikunyata ndani ya makoti, maana baridi ya Juni huku Ufipa haina adabu. Nikamwamkia Afisa Kazi Mfawidhi, ndiye mkuu wa kituo. Aliitikia huku akivitazama viatu.

"Wewe si binti wa dukani, kule sokoni?"

"Ndiyo, mzee."

"Basi uelewe mapema. Hapa hatuna kazi za kumgawia mtu. Kazi zina wenyewe. Sisi tunamsaidia mtu ajue aende kwa nani."

Nilinuna. Nyumbani, jamaa zangu walikuwa tayari wanahesabu nani ataanza kupewa ajira na Zuhura. Ilinichukua muda kukubali kwamba yule mzee alikuwa amenieleza kazi yangu yote.

Niwaeleze na ninyi vijana, maana naona bado mnachanganya. Wakala wa ajira mnamdhani wa kwenu. Si wenu, ni wa mwajiri. Ametumwa kutafuta mtu wa aina fulani, na kama wewe si wa aina hiyo, hana haja nawe. Mwandishi wa wasifu, yule anayepanga elimu na uzoefu wako kwenye karatasi, ni fundi mzuri, lakini kazi yake inaishia siku unapoitwa kwenye usaili. Usaili ndio yale mahojiano ya kazi, sisi tuliyaita intavyuu. Mle ndani unaingia peke yako. Halafu yuko mshauri wa ajira, ambaye watu humwendea mwisho wakati angefaa kuwa wa kwanza. Yeye anakusaidia kujua tatizo lako ni lipi hasa kabla hujahangaika.

Kutoka Sumbawanga nilihamishiwa Namanyere, chini ya Afisa Kazi wa Wilaya, mama mkali aliyekunywa chai bila sukari na kutushangaa sisi tuliotia. Yeye ndiye aliyenipeleka Kabwe, ziwani, kuonana na vijana wa mitumbwi. Kijana mmoja fundi wa injini alitaka tumwandalie wasifu. Nikatoa kalamu. Mama yule akanizuia na kumuuliza kijana, "Mwenye mtumbwi akitaka fundi, anasoma karatasi?"

"Hapana, mama. Anauliza nimefundishwa na nani."

"Sasa huyo aliyekufundisha yuko wapi?"

Alikuwa hai, anaishi karibu tu na mwalo, pale mitumbwi inaposhusha samaki, ila walinuniana kwa sababu ya spana. Tukaenda kuwapatanisha. Njiani kurudi mama akaniambia, "Zuhura, mtu anaumwa jino, wewe unampa miwani. Kwanza muulize anaumwa wapi." Nilikasirika kwa sababu alikuwa sahihi.

Nilirudi Sumbawanga nikiwa mimi ndiye mfawidhi, na huo ndio wakati alipokuja Leokadia. Alitoka Milepa, wazazi wakulima wa mahindi na ulezi, Wakatoliki wa misa ya kwanza. Alikuwa na stashahada ya maabara ya hospitali, matokeo mazuri. Aliingia, akainama, akapiga makofi yale ya taratibu ambayo Wafipa huamkia wakubwa, na akakaa ukingoni mwa kiti.

"Mama, naomba unisaidie kurekebisha wasifu. Nimeshaubadilisha kwa watu watatu."

"Unapoomba, unaitwa?"

"Naitwa kila mara. Ila sichukuliwi."

Nikaweka karatasi zake pembeni. Anayeitwa kila mara hana ugonjwa wa karatasi. Nikamwambia hivyo, naye akatazama chini na kusema kwa sauti ndogo kwamba basi haina neno, kuna wakala amemwahidi kazi za ndani ng'ambo, pasipoti iko tayari, gari linaondoka Jumatatu. Kabla ya hapo alikuwa na usaili mmoja tu, Ijumaa, katika hospitali moja hapa mjini. Ukishindikana, anaondoka.

Niliumia, sitaficha. Kazi za ndani ni kazi halali, lakini huyu binti alikuwa amesomea kuangalia damu ya watu chini ya hadubini, na wazazi wake walipalilia mashamba ya watu wengine ili afike hapo. Nikaamua kwamba Jumatatu hiyo hapandi gari.

Nikamweka mbele yangu nikajifanya jopo, yaani wale wanaohoji. "Tueleze ulifanya nini kwenye mafunzo kwa vitendo."

"Wakubwa walitusaidia, kazi ikaenda."

"Wewe ulifanya nini?"

"Nilikuwepo."

Alikuwepo. Nikiwa mtoto wa duka, nimekua nikisikia baba akisifia kitambaa mpaka mteja anakiona kizuri kuliko kilivyo. Nikamwambia ajisifie. Akajaribu, akatoka jasho, machozi yakamlenga. Kwao, binti anayesimama mbele ya wakubwa na kutaja mazuri yake huonekana hana malezi. Mimi nilikuwa namwambia avue malezi yake mlangoni, na hilo hakuliweza. Nikaona kwamba hata mimi sikuwa msaada wa aina aliyohitaji.

Alikuwepo Mzee Kastory, mkuu wa maabara mstaafu, Mfipa wa Kasense, aliyewahi kukaa kwenye majopo mengi. Nikampigia simu, na kesho yake akaja na koti lake la mvua ingawa mvua haikuwepo. Akamsikiliza Leokadia, kisha akazungumza naye Kifipa kidogo, wakacheka. Halafu akasema kwa Kiswahili ili nami nisikie.

"Mwanangu, baba yako akikutuma kuangalia shamba, ukirudi unamwambia nini?"

"Namweleza nilichokuta."

"Na ulichofanya?"

"Na nilichofanya. Kila kitu. Nikificha atanigombeza."

"Ukimweleza, unajisifu?"

"Hapana, mzee. Namletea majibu."

"Basi chuo kilikutuma maabara. Hao wa Ijumaa ni wakubwa wanaotaka majibu. Ukinyamaza unawanyima heshima yao."

Leokadia akasogea kutoka ukingoni mwa kiti. Kisha akaanza kueleza: sampuli zilizoharibika kwa sababu ya jokofu, jinsi alivyogundua, aliyemwambia, jinsi alivyorudia vipimo vyote ili mama mjamzito asipewe dawa isiyo yake. Alieleza mpaka Mzee Kastory akavua koti. Mimi nilikaa kimya, jambo ambalo wanaonijua hawataliamini.

Alhamisi tulirudia tena. Ijumaa alikwenda, na Jumapili baada ya misa akapigiwa simu kwamba ameajiriwa. Alilia, mama yake alilia, nami nikaenda chumbani nikalia kwa siri kwa sababu ya cheo.

Sasa nimestaafu. Watu huniuliza ninachojivunia, wakitarajia nimtaje Leokadia, ambaye leo ni mkuu wa maabara. Najivunia, ndiyo. Lakini ile Jumatatu alfajiri nilikwenda stendi, nadhani nilitaka tu kuona kiti chake kikiwa kitupu. Hakikuwa kitupu. Wakala alikuwa amempata binti mwingine, mwenye cheti cha ualimu ndani ya bahasha ya plastiki. Nikamuuliza kama aliwahi kumwona mtu yeyote wa kumshauri. Akasema, "Mama, sikujua kama kuna watu kama hao." Gari likaondoka.

Kwa hiyo kila asubuhi kibaraza changu kiko wazi, na chai ipo, ya sukari. Sina kazi za kugawa. Njoo kabla hujakata tiketi.