Kibanja Kilichoitwa Kohinuri

Mzee Elipidius wa Bweranyange hakuweza kuona kitu kinachong'aa asikipulizie pumzi. Kijiko cha chai, kioo cha pikipiki, pete ya bibi harusi, vyote alivisogeza mdomoni, akavihemea haaa, akatazama ukungu unavyokauka, kisha akatikisa kichwa. "Siyo yenyewe." Almasi ya kweli, alieleza, haikai na ukungu. Askofu alipokuja kutoa kipaimara, watu walipanga mstari kubusu pete yake. Elipidius aliihemea. Askofu alidhani ni heshima ya wenyeji, akambariki mara mbili.

Mwenyewe hakuwahi kushika almasi hata moja. Ujanani alifagia ofisi kwenye mgodi huko Shinyanga, na kila jioni alipekuliwa getini mpaka ndani ya nywele. Alichofanikiwa kutoka nacho ni kalenda iliyokwisha mwaka wake, yenye picha za almasi kubwa za dunia. Aliitundika sebuleni karibu na Moyo Mtakatifu, na wageni walipokaa kutafuna kahawa, kama ilivyo desturi ya huko, ilibidi waimeze pamoja na historia.

Kemigisha, bintiye wa pekee, alikua akiona aibu. Wenzake walikuwa na baba walevi, jambo ambalo kijiji kinalielewa.

Kwenye kalenda kulikuwa na Kulinani, kubwa kuliko zote, nzito kupita nusu kilo ya sukari, iliyozawadiwa mfalme wa Uingereza kisha ikakatwa vipande. Jina hilo mzee alikipa kibanja chake cha juu, shamba la migomba, akawagawia wanawe wa kiume. Nao wakakikatakata vizuri kabisa, kipande kikawa pikipiki, kipande kikawa baa, na vyote viwili sasa havitembei. Kibanja cha chini, chenye migomba minene na kahawa ya zamani, alikiita Kohinuri, jina la almasi nyingine ya kalenda.

Humo ndimo Kemigisha alimokimbilia ndoa yake ya Kibingo ilipovunjika. Alirudi na watoto wawili na godoro. Alipalilia, akaweka samadi, akapogoa kahawa, na msimu wa pili watoto wakashiba. Hapo ndipo ukoo ulipokumbuka kwamba kuna mila.

"Mwanamke harithi kibanja cha ukoo," alisema Adelard, mdogo wake Elipidius kwa mama mwingine, mwenyekiti wa jumuiya ya kanisa, mtu wa kusali kwa sauti. "Si mimi ninayesema. Ni mababu."

Mababu hawakuwa wamesema neno kibanja kilipokuwa kichaka.

Kikao cha ukoo kilikaa kwa Elipidius, ambaye wakati huo miguu ilikuwa imevimba na hatoki kitini. Kemigisha alisimama mlangoni akiwaza atalima wapi. Alimtazama baba yake, akingoja japo neno moja.

"Adelard," mzee akasema, "chukua. Kohinuri ni yako, mdogo wangu."

"Tata!" Kemigisha alipiga kelele.

"Nyamaza, mwanangu. Ila ni haki nimweleze anachopokea." Akanyoosha kidole kwenye kalenda. "Hii, wanasema, haivaliwi na mwanamume. Mfalme wa kwanza aliyekuwa nayo alifungwa na mwanawe wa kumzaa. Wa pili alichinjwa hemani na walinzi wake. Wa tatu..."

"Kaka, hizo hadithi tumezisikia tangu hatuna mvi."

"Wa tatu alitobolewa macho. Aliyemtoboa ni ndugu yake wa baba mmoja. Waingereza si wajinga. Tangu waichukue wanawavalisha malkia tu."

Wazee wakacheka. Adelard akacheka kuwapita wote. "Mimi ni Mkristo, kaka. Siogopi picha ya kalenda!"

Asubuhi alishuka na panga, bado anacheka, akachagua mkungu mnene kuliko yote. Migomba ya Kemigisha ilikuwa imejaa maji. Alipokata, utomvu ukaruka ukamwingia jichoni.

Kila mtoto wa Karagwe amewahi kuingiwa na utomvu wa mgomba. Unawasha, unanawa, basi. Lakini Adelard alitoka kibanjani anakimbia, mkono usoni, anamwita Bikira Maria kwa Kinyambo. Mkungu aliuacha chini. Kemigisha aliwapikia watoto.

Kesho yake Adelard alimleta katekista akiombee kibanja. Katekista, ambaye naye alikuwa amezisikia zile hadithi, aliona maji ya baraka yanafika vizuri tu kutoka barabarani. Akarusha mara tatu, hata tone moja halikuvuka ua, wakaondoka.

Jumapili Adelard alisimama jumuiyani, jicho jekundu kama buni iliyoiva, akatoa ushuhuda. Roho alikuwa amemgusa. Alikuwa amemhurumia mtoto wa kaka yake. Kwa hiari yake, bila kushurutishwa na yeyote, anamwachia Kemigisha kibanja kile, na wazee wa ukoo ni mashahidi. Watu wakapiga makofi. Akina mama wawili walilia, na Kemigisha, aliyekuwa amelima kile kibanja kwa mikono yake, akatakiwa asimame ashukuru. Alisimama, akashukuru. Mtu akishakuwa na pa kulima, anaweza kumudu adabu nyingi.

Jioni alimkuta baba yake anahemea kikombe cha bati.

"Tata, na kama asingeingiwa na utomvu?"

"Angekula ndizi moja ikamkwama. Au angejikwaa. Mtu akishaanza kungoja balaa, haliwezi kukosekana." Akakitazama kikombe. "Siyo yenyewe."

Alififia taratibu baada ya hapo. Siku ya mwisho alilala uso ukielekea kalenda, na Kemigisha alipoinama kumlowesha midomo, alidhani ataomba padri.

"Adelard akija kuomba mkungu," mzee alinong'ona, "usimnyime, ni baba yako mdogo. Ila mwambie akate amefumba macho."