Alipogeukia Ukuta

Wakili aliyemtetea dada yangu alizungumza naye kwa muda wa kuvuta sigara moja. Nilikuwepo, likizoni kutoka chuo kikuu Uganda, na mimi ndiye niliyetafsiri.

Dada alikuwa mjane. Baba mkwe wake alimshtaki kwamba amemchomea nyumba, na kesi ikaletwa Mbeya mjini. Siku ya moto dada alikuwa kwetu, amelala na homa, mama akimkanda kwa maji. Wakili alisema hakimu hatamsadiki mama mzazi, kwa hiyo dada ajieleze mwenyewe.

"Ataweza?" aliniuliza, macho kwenye saa. Alitaka kuwahi kurudi Iringa kabla ya mvua kuharibu barabara.

"Ataweza," nikajibu, bila kumuuliza dada.

Wakili alipotoka, dada aliniuliza kwa Kinyakyusa, "Na yule mzee atakuwemo mle ndani?"

"Atakuwemo. Utamtazama usoni."

Akacheka. "Umesoma mpaka umepotea, mdogo wangu. Kamtazame wewe."

Kwetu mwanamke haonani na baba mkwe wake. Akimwona njiani anaingia kwenye majani mpaka apite. Wala mkwe hapaswi kuisikia sauti yake. Mila hiyo niliiona upuuzi tangu sekondari, nikaamua kwamba hata kumtajia wakili ni aibu. Nilitaka dada aivunje mbele ya watu, kana kwamba kizimba kilikuwa uwanja wa mabishano yangu.

Mzee alitoa ushahidi, kisha akakaa benchi la mbele. Dada akapandishwa kizimbani. Alivuta kanga ikamfunika uso wote, akageukia ukuta.

"Mshtakiwa ana nini?" hakimu akauliza.

Mkalimani, mtu wa mbali aliyejifunza lugha yetu bila mila zetu, akamfokea, "We mama! Geuka! Unaongea na ukuta?"

Watu wakacheka, isipokuwa wanawake wawili wa kwetu waliokaa nyuma. Wao waliinamisha vichwa.

Wakili angeweza kuomba dakika tano. Angeweza kumsogelea mteja wake akamuuliza kinachomziba mdomo. Alisimama, akafunga faili.

"Mheshimiwa, mteja wangu hana la kusema."

Nikaruka kutoka kwenye benchi. "Analo! Mzee atoke nje kwanza!" Askari akanikamata bega, akanikalisha kwa nguvu. Hakimu alisema mtu asiye na hatia haogopi kuonyesha uso. Akampa mwaka mmoja.

Nilimkuta wakili akiingia kwenye gari lake. Nikamweleza yote kwa pupa.

"Kwa nini hukuniambia mapema?" akasema.

"Wewe ndiye wakili wake! Kwa nini hukumuuliza?"

"Kijana, siwezi kujua mila za kila kabila."

"Sikusema ujue. Nasema uulize! Umekaa na mtu ambaye maisha yake yako mkononi mwako, hukumuuliza hata anaogopa nini?"

Akafunga mlango. Swali lake lilibaki nami palepale nje ya mahakama, na mpaka leo sina jibu la kujivunia. Lakini kosa langu halimsafishi. Mimi sikuapa kumtetea mtu; yeye aliapa.

Dada alikuwa ameshapakiwa kwenye lori la magereza, mikono imefungwa pingu. Mzee alitoka mahakamani akapita karibu. Dada alimwona kabla yangu. Akateremka kutoka kwenye benchi, akajikunja sakafuni, mpaka mkwe wake alipokwisha kupita.