Fimbo ya Mtaa na Mchezaji wa Kuletwa

Juzi wajukuu zangu wawili walikaa barazani wakabishana mpaka mate yakawaruka. Timu ya mpira ya mtaa imeleta golikipa kutoka Mombasa, na kijana wa hapa hapa, aliyelinda lango tangu yuko shuleni, amewekwa kando abebe ndoo ya maji. Mmoja anasema ni sawa, tunataka ushindi. Mwenziwe anasema ushindi wa mtu wa kuletwa si wetu. Nilikuwa ndani nachagua mchele. Nikatoka na ungo mkononi nikataka kuwaambia jambo, wakacheka, wakaniambia bibi, mambo ya mpira utayajulia wapi. Basi nakueleza wewe, rafiki yangu, maana wao hawakuwa na subira ya kunisikiliza.

Nilikuwa na miaka tisa au kumi, hapa hapa Lamu. Waingereza walikuwa na bendera yao pale ngomeni, na si zamani sana walikuwa wametangaza kwamba utumwa umekwisha. Mpira hatukuujua. Mchezo wetu ulikuwa kirumbizi. Wanaume wawili huingia uwanjani na fimbo za mkandaa, mti wa mikoko, ngoma na zumari zikilia, wakapigana fimbo kwa fimbo kwa mwendo wa ngoma ile ile. Anayeguswa bega au kuangushwa kofia ametoka. Siku za kawaida ilikuwa burudani tu, lakini Idi pili, siku ya pili ya sikukuu, baada ya alasiri upande wetu wa kaskazini ulikutana na upande wa kusini, na hapo watu waliacha hata kusalimiana. Kila upande ulikuwa na mtu mmoja anayeshika fimbo ya mtaa, na hiyo ilikuwa heshima kubwa kuliko kuwa na nyumba ya ghorofa.

Usidhani wanawake tulikuwa hatuna letu. Bibi yangu hakuwahi kukanyaga uwanja ule maisha yake yote, na hakukuwa na mtu mjini aliyeujua mchezo kumshinda. Nyumba yetu ilikuwa na wikio, yaani chumba kilichovuka juu ya njia kutoka nyumba yetu hadi ya jirani, na dirisha lake la mbao lilitazama uwanja wote. Pale ndipo bibi alipokaa akitafuna tambuu yake. Alikuwa akifumba macho na kusikiliza fimbo zinavyogongana, kisha akasema huyu kifundo cha mkono kimelegea, huyu anapiga kama anayekung'uta mkeka, huyu amekula wali mwingi mno mchana. Jirani yetu, mama mmoja mnene mwenye kicheko cha kukohoakohoa, alizaliwa upande wa kusini akaolewa kwetu, na bibi hakuacha kumtania kwamba mwili umehama lakini roho bado iko kwa baba yake. Walibishana juu ya mchezaji mmoja kwa wiki nzima, huku wakitwanga bizari, huku wakitunga asumini, na sisi watoto tukipitisha maneno yao kutoka dari hadi dari.

Na rai zao zilikuwa na nguvu, kwa sababu ya ada zetu. Mchezaji wa mtaa akicheza mizunguko mitatu ya ngoma bila kupigiwa kigelegele hata kimoja kutoka madirisha ya kwao, mtaa umemkataa. Mkuu wa mtaa hana budi kumpokonya fimbo na kumpa mwingine. Bibi alisema aliliona hilo mara moja, akiwa mwari. Ada ya pili ilikuwa kwamba kigelegele cha siku ya Idi hakiachwi peke yake. Kikipigwa kwenye dirisha moja, madirisha yote huitikia, na nyumba isiyoitikia huonekana inautakia mtaa shari.

Sasa nije kwa mtu mwenyewe. Alikuwa fundi wa kupaka chokaa, mwembamba, mikono imebabuka, kope zake nyeupe kila siku ya kazi. Ukuta aliousugua yeye ulikuwa laini, ungeweza kujitazama. Alizaliwa mtumwa katika nyumba moja ya mtaa wetu, akapata karatasi yake ya uhuru kama wengine, lakini hakuondoka. Aliendelea kuishi pale pale na kuwaita wale wale Bwana na Bi. Alhamisi adhuhuri mwalimu wa chuo cha Kurani alipowafungulia wanafunzi, wao hawakwenda nyumbani. Walikimbilia uwanjani, na fundi alikuwa amekwisha kuwakatia fimbo ndogo, amezichoma ganda ili zisiwachubue. Aliwafundisha kusimama kwanza. Kwa mwezi mzima hakuwaruhusu kupiga, kusimama tu na kusikiliza ngoma. Kaka yangu alikuwa mmoja wao, na alipokuwa akila mkate wa mofa usiku bado miguu yake ilikuwa inahesabu mwendo juu ya mkeka.

Watoto wale waliwashinda watoto wa kusini kila walipokutana. Wakubwa wetu ndio walioshindwa, Idi mbili mfululizo, kwa sababu mshika fimbo wetu alikuwa mzee mwenye goti lililovimba. Aliposema anapumzika, kila mtu alijua anayestahili ni nani. Jirani yetu mwenyewe, na roho yake ya kusini, alikiri kwamba fundi akishika fimbo ndugu zake wamekwisha. Fundi mwenyewe nilimwona akipita na fimbo mpya ya mkandaa, ndefu, ya mtu mzima, aliyoipaka mafuta ya nazi ikang'aa. Alikuwa anaingoja siku hiyo pengine tangu utoto wake.

Wazee wakakutana. Mwalimu wa chuo alimsemea fundi, akawaambia huyu ndiye aliyewafundisha wana wenu, mnamkosea. Mkuu wa mtaa, bwana mmoja mwenye joho la zari na sauti ya upole, alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akatoa jibu ambalo kaka yangu aliyekuwa akimimina kahawa alituletea neno kwa neno, kwa Kiamu chake:

"Nti hii ina wenyewe. Fimbo ya mtaa haishikwi na mtu tuliyemjua kwa bwana wake."

Basi likaisha. Na kwa kuwa katika wana wa wenyewe hapakuwa na hata mmoja aliyeweza kusimama mizunguko miwili bila kuhema, waliagiza mchezaji kutoka Mombasa. Hebu fikiri. Mtu aliyeukanyaga uwanja ule tangu akitambaa si wa mtaa, ila mtu asiyejua msikiti wetu uko njia gani, huyo ndiye wa mtaa, kwa sababu hakuna aliyemjua bwana wa babu yake. Walimweka katika chumba cha wageni, wakamshonea kanzu, wakampelekea halwa na maziwa ya ngamia asubuhi na jioni. Fundi akaitwa kufanya nini? Kupaka chokaa chumba hicho kabla mgeni hajafika. Nimekuwa mzee sasa, nimezika mume na watoto, na nikilikumbuka hilo bado natamani kumvua mtu joho.

Bibi alikasirika kwa namna yake. Hakupiga kelele. Asubuhi ya Idi, wakati nyumba zinapelekeana masinia ya wali na kaimati, alinituma kila nyumba ya upande wetu, na kila nilipoweka sinia nilisema maneno aliyonikaririsha: salamu za bibi, na mchana wa kesho amekauka koo. Wanawake walielewa. Wengine walicheka, wengine wakavuta pumzi, wapo walioogopa waume zao, lakini hakuna aliyekataa. Niliporudi, bibi alikuwa ananingoja ukumbini. Alinikalisha mbele yake.

"Yeo wageni wetu, kesho mato yetu tu, si vinywa," akasema. "Mizunguko mitatu, asipige mtu kigelegele. Fimbo itarudi kwa mkuu, na mbele yake hatakuwa na mtu ila fundi. Umefahamu?"

Nikasema nimefahamu. Nilikuwa nimefahamu kweli. Nilimpenda fundi, alikuwa ananichongea vidoli kwa vipande vya chokaa iliyokauka. Usije ukasema nilikuwa mtoto sikujua. Nilijua.

Idi pili uwanja ulijaa mpaka watu wakapanda kuta. Tulikuwa tumebanana kwenye wikio, bibi, jirani, mimi na wengine, harufu ya udi na vikuba vya asumini imetujaa puani, na jasho. Fundi nilimwona. Alikuwa karibu na ngoma, amevaa kofia safi, ameshika ile fimbo yake iliyong'aa, amesimama kama alivyowafundisha watoto. Nadhani habari ilikuwa imemfikia, kwa sababu mara moja aliinua macho akatazama madirisha yetu, na hilo halikuwa jambo lake.

Mgeni aliingia. Nitasema haki: alikuwa mzuri. Mzunguko wa kwanza alimchezea mtu wa kusini kwa madaha, na uwanja mzima wa wanaume ukapiga mayowe, lakini juu, kimya. Mzunguko wa pili, kimya. Wanaume walianza kugeuza shingo. Mkuu wa mtaa aliinua kichwa mara ya kwanza, kisha mara ya pili, na nikaona mkono wake unashikashika ncha ya joho. Jirani yetu alikuwa ameuma ushungi wake. Bibi ameketi wima, tambuu haisogei mdomoni.

Mzunguko wa tatu ukawa unakaribia mwisho. Mtu wa kusini akatupa pigo la kichwani, na mgeni, sijui hata leo alifanyaje, akapiga goti, fimbo ikampita juu, akahamisha ya kwake mkono wa kushoto nyuma ya mgongo, akainuka na kuinyanyua kofia ya mwenziwe kwa ncha ya fimbo. Akaizungusha hewani mara moja, akamrudishia kichwani. Sijaona kitu kama kile tena.

Nikapiga kigelegele.

Kilinitoka. Kilikuwa chembamba, cha mtoto, na kilisikika uwanja mzima kwa sababu hapakuwa na kingine. Bibi alinigeukia. Hakuwa na hasira usoni, alikuwa kama mtu aliyesikia kitu kimevunjika chumba cha pili. Nyumba ya ng'ambo ikasita, kisha ikaitikia, maana ilikuwa Idi na kigelegele hakiachwi peke yake. Ikafuata iliyo karibu nayo, na nyingine, na jirani yetu naye akaachia ushungi akapiga. Mwisho bibi, aliyeipanga kazi yote, akafungua kinywa akaitikia, kwa sababu nyumba yetu isingeweza kuutakia mtaa shari. Alipiga kwa sauti kamili huku machozi yanamteremka.

Chini, mkuu wa mtaa alitabasamu akawaambia waliokuwa karibu naye kwamba hata wake zetu wameridhika. Tukashinda. Fundi aliiegemeza fimbo yake kwenye ngoma, taratibu, akatoka kati ya watu wanaorukaruka, na hakuna aliyempisha.

Siku ya tatu alikuja kwetu kumalizia ukuta wa ukumbi. Nililia mbele yake, nikamwambia ni mimi. Aliendelea kusugua kidogo, kisha akasema bila kugeuka:

"Weye hukukosa, Bi mdogo. Umeona mtezo mwema, ukafurahi."

Angenitukana ningepona mapema. Alimaliza ukuta, akavuka bara, akalima Kililana, na hakukanyaga Lamu tena. Alhamisi zilizofuata watoto wa chuo walikwenda uwanjani wakasimama, wakangoja, wakaanza kurushiana mawe, na mwalimu akaona heri awazidishie masomo. Kaka yangu hakushika fimbo tena. Na yule mgeni? Idi iliyofuata alikuja amevaa kanzu ya upande wa kusini. Alitushinda, na mkuu wetu akasimama pale pale akalalamika kwamba watu wa siku hizi hawana uaminifu! Bibi alicheka mpaka akakohoa, lakini hakikuwa kicheko cha furaha.

Mchezo wenyewe upo, huonekana kwenye harusi, vijana wakigongesha fimbo ili wageni watazame. Uwanja umejengwa. Wikio letu lilibomoka mvua kubwa moja, na wanawake sasa wanashuka chini wanasimama wapendapo, na mimi sisikitiki kwa hilo hata kidogo. Bibi hakunigombeza mpaka anakufa, na wazee wale nimewakasirikia maisha yangu yote, kwa sauti, mbele ya wajukuu wao. Lakini nikibaki peke yangu nayakumbuka madirisha yale. Nimesikia vigelegele vingi tangu siku ile, vya harusi yangu na vya harusi za binti zangu. Ninachokitamani ni kile kimya cha nyumba nzima nzima za wanawake, waliokubaliana jambo moja kwa ajili ya fundi wa chokaa, kikashuka uwanjani mpaka mwenye joho akaanza kushika nguo yake. Kilibakisha pumzi chache tu kitimie, na aliyekivunja nilikuwa mimi.