Kishungi cha Bi Hilda

Glenda Satchwell alikuwa mwepesi wa hasira tangu zamani, na mwaka ule wa tisini na tano ulikuja kumchokoza makusudi. Jiji zima la Coventry, kule Uingereza, lilikuwa linajiandaa kuadhimisha miaka hamsini tangu Vita vya Pili vya Dunia viishe. Kila dirisha lilikuwa na kibendera, na kila mzee aliyeweza kusimama alikuwa ameahidiwa kiti cha mbele. Glenda, ambaye kazi yake ilikuwa kushona sare za shule, alipewa na kamati kazi nyingine juu ya hiyo: ovaroli za wasichana watakaoandamana wakiwa wamevaa kama wanawake waliounda ndege za vita.

Aliivalia njuga kazi ile. Alitafuta pamba nzito ya buluu, akaifua na kuianika mpaka ikapauka. Zipu alizikataa, akaweka vifungo. Alikata mabega mapana ya kiume na kiuno kipana cha kiume, kwa sababu wanawake wale walipewa nguo zilizokuwa zimekatwa kwa ajili ya wanaume, wakakunja mikono na miguu wakaenda kugongelea mabawa. Viwiko alivitia viraka. Mtu akizitazama zimetundikwa ukutani angedhani wenyewe wako chooni watarudi sasa hivi.

Akaja Bwana Pargeter, mwenyekiti wa kamati, na picha mkononi. Msichana wa kwenye picha alikuwa na midomo myekundu, kiuno cha nyigu, na kilemba chenye madoadoa. Mbele ya kilemba kilichomoza kishungi cha nywele kilichojikunja vizuri juu ya paji la uso.

"Hivi ndivyo tunavyotaka, Bi Glenda. Kiuno kionekane kidogo. Na hiki kishungi hapa mbele, kitoke."

"Hakitoki."

"Jamani, ni kishungi tu. Watu wanakuja kuona urembo kidogo."

"Wakitaka urembo waende saluni. Hapa nashona nguo za kazi."

Bwana Pargeter alicheka, akidhani ni utani. Glenda alimfungulia mlango, na hakuwa anacheka.

Sababu ilikuwa imekaa kwenye chumba cha chini, karibu na redio, ikinywa chai. Mama yake, Bi Hilda, hakuwa amevua skafu mbele ya mtu tangu Glenda azaliwe. Alilala nayo. Chini ya skafu ile, upande wa kulia kutoka paji la uso hadi juu ya sikio, hapakuwa na unywele hata mmoja, ngozi tu iliyovutika na kung'aa. Glenda aliiona mara moja utotoni, mlango wa bafu ulipofunguka vibaya. Alipouliza, shangazi yake Edna ndiye aliyemjibu: "Urembo ule. Aliziachia nywele nje ya kilemba, mashine ikazibeba. Mchimba kisima huingia mwenyewe."

Basi Glenda akakua na methali hiyo kichwani. Nywele zake alizikata fupi kama mvulana maisha yake yote. Alimpenda mama yake, lakini alimkasirikia pia, kimyakimya, jinsi unavyomkasirikia mtu aliyejiharibia kwa upuuzi.

Siku hiyo, damu ikiwa bado inamchemka, alishona vilemba vyote na kuvitia mpira mbele. Akashuka na kimoja kumwonyesha mama yake.

Bi Hilda aliweka chini kipande chake cha mkate wa kubanika, akakigeuzageuza kile kilemba.

"Hiki ni nini?"

"Kilemba cha kiwandani, Mama. Nimekitia mpira. Hata unywele mmoja hautoki."

"Nani alivaa hivi?"

"Si nyie?"

"Sisi? Kwani tulikuwa watawa?" Bi Hilda alikitupa mezani. "Wewe mtoto, nisikilize. Mlangoni alikuwa anasimama mnyapara wetu, Bi Crump. Ukipita, anakuingizia nywele kwa kidole chake, kidole kigumu kama kijiti. Unasema asante Bi Crump. Ukishampita tu, unakichomoa kishungi chako. Wote! Hata Crump mwenyewe, tukishaanza kazi, chake kilikuwa nje. Tulikuwa wasichana. Kila kitu kingine tulichovaa kilikuwa cha mwanamume."

Hapo Glenda akashindwa kujizuia.

"Na ndicho kilichokunyofoa ngozi ya kichwa! Ungekiacha ndani, Mama, ungekuwa mzima!"

Redio iliendelea kuimba peke yake. Bi Hilda aliizima.

"Nani kakwambia?"

"Kila mtu."

"Kila mtu alikuwepo?" Alisukuma kikombe kando. "Ile mashine ya kutoboa mabati ilikuwa na mkanda wa kuizungusha, na mkanda ulikuwa na kifuniko. Wiki ile wakakiondoa kwenye yangu, eti kinachelewesha kazi, ndege zinatakiwa. Nikasema. Crump naye akasema. Wakubwa wakatuambia tuvumilie, kuna vita. Nikainama kuokota ribiti iliyoanguka, ile misumari ya kuunganishia mabati, mkanda ukanishika nywele. Basi. Niliporudi kutoka hospitali nikakuta kifuniko kimerudishwa, kimepakwa rangi mpya. Na ukutani wamebandika picha ya msichana mwenye kishungi, chini imeandikwa, urembo wako utakuponza. Nywele zilikuwa nje za wote, Glenda. Kifuniko kilikosekana kwangu tu."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungenisikiliza? Umeingia hapa na jibu lako mkononi, umelitia na mpira."

Hasira ambayo Glenda alimwekea mama yake kwa miaka yote ile haikuwa na pa kukaa tena, akaona aibu, na baada ya aibu ikaja hasira nyingine, kubwa zaidi, na hii ilijua njia. Alipanda juu, akafumua mipira yote. Mama yake akamwita kutoka chini ya ngazi.

"Nishonee na mimi moja! Mabega mapana!"

Siku ya maandamano Bwana Pargeter aliviona vishungi vimetoka kwa wasichana wote, akafurahi kama mshindi. "Si nilikwambia, Bi Glenda? Vinapendeza!" Kisha akamwona Bi Hilda ndani ya ovaroli, miguu ya suruali imekunjwa. "Oo, bibi yetu! Kiti chako kiko pale kivulini."

Bi Hilda hakwenda kivulini. Alifungua skafu yake mbele ya watu wote, akaifunga upya kuwa kilemba, nyuma kabisa kichwani. Upande wa kushoto akachomoa kishungi cha mvi, akakikunja kwa kidole. Upande wa kulia akauacha wazi, na jua la Mei likaupiga.

Bwana Pargeter akasogea, akashusha sauti.

"Labda upande huu tuufunike kidogo, mama. Kuna watoto."

"Mngefunika mashine," Bi Hilda alisema, kwa sauti ya mtu aliyezoea kuongea juu ya kelele za kiwanda.

Akampita, akaenda kusimama mbele ya wasichana wote. Glenda akamfuata na pini zake mdomoni, akamweka sawa kola.