Siku Nilipomsomea Mgeni Rasmi Wasifu wa Msiba

Nijicheke mwenyewe kabla hamjanicheka: mimi ndiye yule mshereheshaji aliyemzika mwandishi maarufu wa Marekani huku mwenyewe amekaa kiti cha mbele anakula sambusa.

Ilikuwa mwaka 2018, Jumamosi mchana, kwenye ukumbi wa kanisa kule Alief, mtaa wa Houston. Watanzania wa Houston walimwalika Bi Marva, mama wa hapo hapo aliyeandika tamthilia na riwaya mpaka mvi zikamjaa, na mimi nikaitwa kutoka Grand Prairie, kule karibu na Dallas, kuongoza shughuli (Texas nzima hakuna mwenye sauti kama yangu, hayo nayasema mimi). Lakini nilikuwa na langu moyoni. Binti yangu Upendo alikuwa ameomba nafasi kwenye darasa la uandishi la huyo mama na jibu lilikuwa bado, nikajisemea leo baba atamfungulia mtoto njia.

Sasa, wasifu wa mgeni. Mwenye akili angekaa akauandika. Mimi nimetoka zamu ghalani, nimechoka, nikafungua ule niliousoma kwenye msiba wa mwezi uliopita (misiba yetu yote naiongoza mimi, hongera kwangu), nikafuta jina la marehemu, nikaweka la Bi Marva na vitabu vyake, nikalala nikijiona mjanja.

Nikaanza kwa mbwembwe. "Alizaliwa Houston, mtoto wa tatu! Ameandika tamthilia kumi na moja na riwaya nne!" Makofi, nami nikazidi kukoleza, macho yanasoma na mdomo unafuata, "Ameacha mume, watoto wawili na wajukuu. Tutamkumbuka daima kwa ucheshi wake. Naomba tusimame kwa dakika moja ya ukimya."

Na wakasimama! Watu wetu ukiwaambia simameni kwa sauti ile hawaulizi. Bi Marva naye akasimama, akainamisha kichwa. Mama Glory, aliyechelewa kama kawaida yake, akaingia, akaona hali ile, akatua sufuria la pilau sakafuni na kuangua kilio, "Uwiii, nani tena jamani?" Hapo ndipo nilipoelewa nimefanya nini.

Mgeni akamuuliza Upendo, aliyekuwa akimtafsiria, kuna nini. Mtoto akajibu kwa Kiingereza bila kupepesa macho: kwetu mgeni tunayempenda sana tunamwaga sifa zake zote angali hai, kisha tunasimama kimya, na akina mama wanalia.

Bi Marva machozi yakamlengalenga. Akachukua maikrofoni, akasema maisha yake yote hajawahi kupokelewa hivyo, na asingeondoka bila kumrudishia mwenyeji wake heshima ile. Akaomba ukumbi usimame tena, kwa ajili yangu. Basi nikasimama jukwaani, mzima wa afya, naombolezwa, na Mama Glory (safari hii anajua, anafanya makusudi) analia kushinda mwanzo, "Kaka, umetuachia nani!" Aibu niliyoiona siwezi kuipima.

Nafasi Upendo aliipata. Barua ilikuja wiki iliyofuata, ikimwomba afungue darasa kwa kuwaeleza wenzake mila ile nzuri ya kwao.

Nimeapa, wasifu wa mtu yeyote nitauanza na ukurasa mtupu, hata wa marehemu wa kweli. Upendo alikunja barua akaniambia, "Dad, nitadanganya watu summer nzima because of you. So please, siku ya kwanza mama ndiye atani-drive."

Nikakubali. Marehemu habishi.