Mkataba Mmoja Kabla ya Chakula

Saa tatu asubuhi, Jumamosi. Soko limefungwa na mitaa ya katikati ya São Paulo bado inapiga miayo. Lakini kwenye kompyuta ya Valdirene Furtado ni Jumanne moja ya zamani, na kahawa inapanda bei.

Nukta ndogo zinadondoka kwenye kioo moja moja, kila moja na mlio wake, kama manyunyu juu ya bati. Valdirene ameegemea kiti, macho ameyafumba nusu. Kando yake amekaa baba yake, Mzee Osmar, mkono wa kulia ukiwa tayari juu ya goti.

"Baba, kunywa kahawa, inapoa."

"Nyamaza, mwanangu. Nonato hajafika."

Valdirene, mwenye umri wa miaka arobaini na sita, ni mtunza kumbukumbu katika kampuni ndogo ya mawakala wa hisa na mazao. Kila biashara inayofungwa sokoni, hata ya mkataba mmoja, kipimo kidogo kabisa cha kununua na kuuza, huacha alama yake: bei, wingi na sekunde. Wenyewe huiita tiki, nazo ndizo nukta zinazodondoka sasa kwenye kioo. Kwa kawaida programu za chati huzibana tiki za zamani zikawa nguzo za dakika, ili diski zisijae. Valdirene hajawahi kubana hata siku moja.

"Nguzo inakwambia dakika ilianzia wapi, ikaishia wapi, ikapanda na kushuka hadi wapi. Basi," anasema. "Waliokuwa katikati wamemezwa. Mimi roho inaniuma."

Kwa kazi hiyo analipwa reali elfu tatu na ushei kwa mwezi, na kejeli za bure juu yake. Vijana wa ofisini humwita bibi wa makaburini.

"Naam, na nyie nitawazika humuhumu," huwajibu, nao huangua kicheko.

Haba na haba hujaza kibaba, na sasa kibaba kimefurika. Juzi bosi wake, Cássio, alitangaza kwamba Jumatatu kila kilichopita miaka mitano kitabanwa, kwa kuwa wateja hawakihitaji. Lakini Valdirene anakihitaji.

Maana humo ndimo alimo Nonato.

Kabla mashine hazijalichukua soko, Osmar alikuwa mnadi katika ukumbi wa kahawa, mmoja wa wale wanaume waliosukumana na kupiga kelele kutwa kucha. Nonato alikuwa rafiki yake wa chanda na pete. Kila siku, kabla ya chakula cha mchana, Nonato alinadi mkataba mmoja tu. Osmar akiwahi kuuchukua, Nonato analipa chakula. Mtu mwingine akimzidi mbio, analipa Osmar. Leo Nonato ni marehemu, na Osmar, baada ya kupasuliwa koo, amebaki na sauti ya kunong'ona.

"Huyo!" Mkono wa mzee unaruka juu ghafla, kiganja kikimwelekea mwenyewe, ishara ya mnunuzi. Kwenye kioo imedondoka tiki ya mkataba mmoja. "Umelipa, mnene wee! Umelipa!"

"Nani kalipa?"

Loo! Ni Cássio, kofia ya pikipiki mkononi, amefuata chaja aliyoisahau. Valdirene anasimama, uso umemshuka, anamweleza yote.

"Dada Valdirene, mkataba mmoja? Kwenye nguzo hata hautaonekana."

"Si ndicho ninacholilia, bosi?"

Cássio anamgeukia mzee. "Ulikuwa unamshinda kweli?"

"Karibu kila siku. Alikuwa ananikonyeza kwanza, mwizi yule."

Cássio anacheka, kisha anakuna kichwa. "Hiyo kahawa ya zamani inachukua nafasi kubwa?"

"Kiduchu. Zinazojaza diski ni hisa."

"Basi kahawa usiiguse. Hizo nyingine zibane, sina namna."

"Nimezilea zote, bosi."

"Najua, dada. Pole."

Anaondoka. Valdirene anafuta macho kwa kiganja. Amepata na amekosa kwa mpigo mmoja, na hajui alie kwa lipi. Mpango wake sasa ni kukaa na baba yake kila Jumamosi, aandike majina kwenye chati, kando ya kila tiki ambayo mzee bado anaikumbuka.

"Nataka anitajie nani ni nani," anasema, "kabla naye hajachoka."

Mzee anamgusa mkono. "Nifungulie ile siku."

Ile siku ni iliyofuata maziko ya Nonato. Miaka yote hii wamekuwa wakiiruka.

"Siku ile nilinadi mimi," ananong'ona. "Mkataba mmoja. Hakuna aliyeuchukua. Ukumbi mzima ulinyamaza."

Na kelele isiyojibiwa haiachi tiki.

Valdirene anaifungua. Manyunyu yanaanza tena, ya haraka, ya taratibu, ya haraka. Kwenye chati saa ya chakula inakaribia. Kisha yanakatika. Kioo kimetulia tuli.

Mzee Osmar anainua mkono, kiganja kikitazama nje, ishara ya muuzaji. Midomo inacheza bila sauti.

Kando yake, mkono wa Valdirene unapanda, kiganja kikimwelekea mwenyewe.

"Nimeuchukua, Baba."

Kwenye kioo nukta zimeanza kudondoka tena.

"Basi leo nalipa mimi," ananong'ona, na kuanza kutafuta kofia yake.